Kusomea Mitindo: Mambo ya Kupima Kabla Mtoto Hajajaza Fomu

Jina la Chepsaita husikika redioni kila mbio za nyika zinapokaribia, na wageni wanaokuja kwa mashindano huondoka wakidhani kwamba vijana wetu wote wanataka kukimbia. Sivyo. Wako wanaotaka udaktari, wako wanaotaka ualimu, wako wanaotaka kubaki shambani, na wako wanaotaka kushona. Huyu wa mwisho ndiye hupata taabu kuliko wote kusema anachotaka mbele ya wazazi wake.

Mazungumzo huwa karibu yale yale. Binti anasema, "Mama, nimeamua nitasomea mitindo ya mavazi." Mama anaweka sufuria chini. "Mafundi wa nguo wamejaa pale senta, mwanangu. Ni yupi kati yao aliyehitaji chuo?" Baba, ambaye tayari amehesabu magunia ya mahindi na pesa za maziwa akajua karo itatoka wapi, anauliza swali fupi zaidi: "Hiyo ni kazi?"

Swali la baba lina haki yake. Karo ikishalipwa hairudi, na miaka miwili au minne ya ujana hairudi pia. Kwa hiyo makala haya hayakuandikwa ili kumwambia mzazi akubali tu, wala kumwambia kijana afuate moyo wake tu. Tunataka mkae mezani pamoja mkiwa na habari zinazotosha, ili atakayesema ndiyo aseme akijua kwa nini, na atakayesema hapana awe na sababu nzuri kuliko "watu watasema nini."

Kinachofundishwa hasa

Tuanze na mafundi wa senta, kwa sababu wao ndio mfano ambao kila mtu anao akilini. Fundi mzuri wa senta anajua kazi. Anakuangalia tu na kujua kiuno chako. Lakini muulize akushonee mashati 300 ya shule yenye saizi sita, yote yafanane, yawe tayari kabla ya shule kufunguliwa, na akupe bei leo kabla hajanunua kitambaa. Wengi watakuomba muda wa kufikiria. Hapo ndipo masomo yanapoingia.

Mwanafunzi wa mitindo hujifunza kuchora nguo kabla haijakuwepo, kisha kuugeuza mchoro huo kuwa vipande vya karatasi vya kukatia. Hujifunza kupanua na kupunguza vipande hivyo kutoka saizi moja hadi nyingine bila kuharibu umbo. Hujifunza nyuzi na vitambaa: kwa nini pamba hupungua ikifuliwa, kwa nini poliesta haishiki jasho, kwa nini nguo ya kufumwa kama fulana huvutika na haiwezi kushonwa kwa sindano ile ile ya gabadini. Hujifunza rangi, historia ya mavazi, kutunza mashine, kuweka hesabu, na kuuza. Siku hizi vyuo vingi hufundisha pia kuchora kwa kompyuta.

Ndani ya haya yote kuna hesabu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua sketi ya duara kamili, ile inayovaliwa sana kwenye harusi na kwaya. Mteja ana kiuno cha sentimita 66. Tundu la kiuno ni duara, na mzingo wa duara ni nusukipenyo mara mbili mara 3.14. Kwa hiyo unagawanya 66 kwa 6.28 na kupata sentimita 10.5. Anataka urefu wa sentimita 60, ongeza 2 za pindo. Kutoka katikati ya duara hadi ukingoni ni 10.5 kujumlisha 62, yaani 72.5, na upana wa duara lote ni sentimita 145. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kitatosha kwa mita moja na nusu. Lakini ukinunua kile chenye upana wa sentimita 115, duara halitoshi kwa kipande kimoja. Itabidi ukate nusu mbili na kuziunganisha, na utahitaji karibu mita tatu. Fundi asiyejua hili hununua kitambaa mara mbili, na hasara hiyo hutoka mfukoni mwake. Binti anayesema anachukia hesabu na ndiyo sababu anakimbilia mitindo anahitaji kuonyeshwa ukurasa huu mapema.

Jambo lingine ambalo wazazi hawaambiwi: mitindo si kozi moja. Kuna ushonaji na utengenezaji wa mavazi. Kuna ubunifu wenyewe. Kuna biashara ya mitindo, ambayo Chuo Kikuu cha Kenyatta huifundisha pamoja na ubunifu katika shahada moja. Na kuna uhandisi wa nguo, unaohusu mitambo, nyuzi, ufumaji na utiaji rangi. Huo unafundishwa hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses. Kijana aliyefanya vizuri katika fizikia na kemia na bado anapenda vitambaa asikimbie sayansi yake. Uhandisi wa nguo umemngojea.

Mji wa nyuzi

Eldoret tunauita mji wa mabingwa, na tangu tarehe 15 Agosti 2024 ni jiji lenye hati yake. Lakini wazee wanaukumbuka pia kama mji wa viwanda vya nguo. Rivatex, ambayo jina lake la kwanza lilikuwa Rift Valley Textiles, ilianzishwa mwaka 1976. Raymond walitengeneza vitambaa vya sufu. Ken-Knit hutengeneza nyuzi, sweta na blanketi, na katika baridi ya nyanda hizi hakuna anayehitaji kuelezwa sweta ni ya nini. Nyumba nyingi zilijengwa na watoto wengi wakasomeshwa kwa mshahara wa viwanda hivyo.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Soko lilifunguliwa, nguo za bei ya chini zikaingia kutoka nje, mitumba ikajaa, na viwanda vilivyokuwa na mitambo mizee na madeni vikashindwa. Kisumu walipoteza KICOMI. Hapa kwetu Raymond ilifungwa, na Rivatex pia ikasimama. Mzazi mwenye umri wa miaka 50 leo anayesema "kazi ya nguo ilikufa" anasema alichokiona kwa macho yake, na kijana hana haki ya kumcheka.

Ila hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kiliichukua Rivatex, na baada ya kuwekewa mitambo mipya kwa mkopo wa Serikali ya India, kiwanda kilizinduliwa upya Juni 2019. Pamba yake haitoki Uasin Gishu, maana huku ni juu na kuna baridi. Pamba hupenda joto la Bonde la Kerio, Busia na sehemu kama hizo. Tuna kiwanda na chuo cha uhandisi katika kaunti moja, na wakulima wa pamba si mbali. Ni kaunti chache sana Kenya zinazoweza kusema hivyo. Sisemi kwamba kiwanda kitamwajiri kila anayehitimu. Hakiwezi. Nasema kwamba mwanafunzi wa Chepsaita anaweza kuona kwa macho njia nzima, kutoka uzi hadi shati, kwa nauli ya matatu, jambo ambalo mwenzake wa kaunti nyingine huliona kwenye picha.

Na mitumba? Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza hadi kuiondoa. Rwanda ilipandisha ushuru na kushikilia msimamo. Kenya ilirudi nyuma. Basi tusidanganyane, mitumba iko na itaendelea kuwepo. Fundi anayepanga kuuza gauni la kawaida la kuvaa sokoni akishindana na gauni la mtumba la shilingi 150 atashindwa kabla hajaanza. Anayejua hili mapema huangalia pale mitumba isipofika. Sare za shule haziji kwa marobota. Sare za kwaya haziji kwa marobota. Nguo za koito, ambapo familia nzima hutaka kuvaa kitambaa kimoja na mama wa bibi harusi atofautishwe kidogo, haziji kwa marobota. Majoho ya mahafali, aproni za hoteli, makoti ya maabara, mapazia, tracksuti zenye jina la kambi ya mazoezi: hizo zote lazima mtu azishone, na nyingi sasa hivi hushonwa nje ya Turbo kisha kuletwa.

Hizo tracksuti zinanishangaza kidogo. Tuna wanariadha kila kona ya kaunti hii, kambi za mazoezi, mbio kila msimu, na bado sehemu kubwa ya nguo wanazokimbia nazo hutengenezwa mbali sana. Kitambaa cha michezo ni kigumu kushona, kinavutika na kinateleza, kinataka mashine maalumu na mkono uliofunzwa. Kwa hiyo ni kazi inayomtaka mtu aliyesoma.

Majina ya kumwonyesha mzazi

Vijana wakiulizwa kuhusu wabunifu hutaja watu wa Paris. Mzazi wa Chepsaita hatashawishika na Paris. Afadhali mifano ya karibu.

Mustafa Hassanali wa Tanzania alisomea udaktari wa binadamu kabla ya kugeukia ubunifu wa mavazi, na mwaka 2008 akaanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam, maonyesho yanayowakutanisha wabunifu wa eneo letu lote. Wazazi wakisikia neno "daktari" huwa wanakaa sawa, mtumieni. Nairobi, Ann McCreath alianzisha KikoRomeo mwaka 1996, akitumia pamba na mafundi wa Kenya, na ndiyo, jina hilo ni lile lile la kikoromeo cha shingoni. Mnakumbuka pia jinsi suti ya Kaunda ilivyorudi Rais William Ruto alipoanza kuivaa mara kwa mara. Mafundi wakapata kazi hadi vijijini, na hata Spika wa Bunge la Kitaifa alipoikataza bungeni Novemba 2023, watu waliendelea kuishonesha kwa harusi na mazishi. Mtindo mmoja wa mtu mmoja ulijaza daftari za oda za mafundi wengi. Biashara hii husukumwa na mambo kama hayo, na anayeisomea hujifunza kuyaona yakija.

Wavulana nao wasikie. Suti nyingi nzuri za mji huu zimeshonwa na wanaume, na hakuna anayewauliza kwa nini hawakusomea umeme.

Ngazi za masomo

Hapa ndipo wengi hukosea njia, kwa hiyo tuende polepole.

Aliyepata C+ na zaidi katika KCSE anaweza kuomba shahada kupitia KUCCPS, mradi alama zake za masomo yanayotakiwa zinatosha. Aliyepata C- anaweza kuomba diploma, D tupu inamfikisha cheti, na aliye chini ya hapo bado ana ngazi ya ufundi stadi. Mtu anaweza kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Aliyeanza na cheti akamaliza vizuri huenda diploma, na wa diploma huweza kuomba shahada. Kwa kazi hii, kuanzia chini si aibu. Mhitimu wa shahada asiyeweza kuweka zipu vizuri hudharauliwa karakana nzima siku ya kwanza.

Kwa diploma na vyeti, tazameni vyuo vya kiufundi vya Eldoret kwanza, kwa mfano Eldoret National Polytechnic na Rift Valley Technical Training Institute, na mwangalie orodha ya KUCCPS ya mwaka husika kujua kozi ipi ya mavazi iko wazi na wapi. Kusoma ukiwa unalala nyumbani au kwa shangazi mjini huokoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote la karo.

Vituo vya mafunzo ya ufundi, vile ambavyo wengi bado tunaviita polytechnic za kijiji, viko chini ya serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo lilitukabidhi. Ushonaji ni kati ya kozi za zamani zaidi katika vituo hivi, na karo yake ni ya chini. Kwa familia isiyo na uhakika, muhula mmoja hapa ni kipimo cha bei nafuu: kama kijana atachoka na cherehani ndani ya miezi mitatu, afadhali achokee hapa kuliko chuo kikuu mwaka wa tatu.

Kuna kundi jingine ambalo husahaulika: yule aliyekwisha kushona miaka saba kwenye kibaraza cha duka bila karatasi yoyote. Huyu anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, na kupata cheti kwa ujuzi alio nao tayari. Bila cheti hicho, mlango wa kandarasi kubwa humfungia hata kama mkono wake ni mzuri kuliko wa mwalimu wa chuo.

Wazazi wenye watoto wadogo wajue kwamba mtaala mpya umebadilisha mpangilio. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026, na mtihani wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027. Katika shule ya upili ya juu, Sayansi Kimu iko upande wa STEM, na Sanaa ya uchoraji iko upande wa Sanaa na Michezo. Mtoto anayependa mavazi anaweza kupita njia yoyote kati ya hizo mbili, lakini anayefikiria uhandisi wa nguo ashike STEM.

Jipime kabla ya kulipa

Ujasiri wa kuchagua kozi haupatikani kwa kuambiwa "unaweza." Hupatikana kwa kujaribu kazi yenyewe. Kijana, fanya hivi wakati wa likizo.

Nunua shati la mtumba la bei ya chini, la mwanamume, lenye mikono mirefu. Chukua wembe na ulifungue mishono yote, taratibu, bila kuchana kitambaa. Utapata vipande viwili vya mbele, mgongo, kipande cha mabegani ambacho mara nyingi ni cha tabaka mbili, mikono miwili, vikofi, kola, shingo ya kola, mfuko, na vipande vidogo vya kwenye mpasuo wa mkono. Vipange sakafuni. Sasa lirudishe lilivyokuwa. Utakaa na kazi hii siku kadhaa, na kola itakutoa machozi. Ukimaliza na ukatamani kufungua lingine, umepata jibu. Ukimaliza ukalitupa chini ya kitanda, hilo nalo ni jibu, na limekugharimu pesa kidogo sana.

Kisha omba kukaa wiki mbili na fundi wa senta. Usiende kushona tu. Andika kwenye daftari wateja wangapi walikuja, wangapi walilipa siku hiyo, wangapi walisema "nitakutumia M-Pesa jioni" na jioni haikufika. Andika nguo ngapi zilirudishwa zirekebishwe. Utajifunza kwamba nusu ya kazi hii ni kuongea na watu, kukumbuka ahadi, na kumwambia mteja kwa heshima kwamba kitambaa alicholeta hakiwezi kuwa lile gauni aliloliona kwenye simu.

Mzazi, wewe nawe una kazi moja. Mpe mtoto oda ya kweli nyumbani, sare ya mdogo wake kwa mfano, na umlipe. Usimpe kama msaada. Mpe tarehe, na ikipita mkate. Ataelewa biashara kuliko kwa mahubiri.

Hesabu ya bei

Hapa ndipo wengi wenye vipaji huanguka, na ndiyo sababu tunakaa hapa kidogo. Fundi anashona gauni la sherehe. Tuchukulie bei hizi kwa mfano tu. Kitambaa mita mbili na nusu kwa shilingi 400, hiyo ni 1,000. Bitana 300. Zipu, uzi na vifungo 100. Umeme wa mashine na pasi 50. Sehemu ya kodi ya kibanda inayoangukia nguo hii, 150. Mpaka hapo ni 1,600. Amefanya kazi saa sita; akijilipa 150 kwa saa, hiyo ni 900. Jumla 2,500. Faida ya asilimia 20 ni 500. Bei ya gauni ni shilingi 3,000.

Lakini mteja anasema, "Si kitambaa ni elfu moja tu? Nifanyie elfu mbili, wewe ni wa nyumbani." Fundi anakubali kwa sababu ameona 1,000 ikibaki mkononi. Ukitoa bitana, zipu, umeme na kodi, amebaki na 400 kwa saa sita. Na mashine ikiharibika mwezi ujao, hakuna pesa ya kuitengeneza, kwa sababu faida ndiyo iliyokuwa pesa hiyo. Mafundi wengi wa senta wana kazi tele na bado wanakopa, na sababu iko kwenye mistari hii michache. Chuo kinachofundisha kushona bila kufundisha hesabu hii kimefundisha nusu.

Kuchagua chuo na kupata kazi

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, na kama ni chuo kikuu, kwamba kozi inatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya ghorofani vyenye mabango makubwa na cherehani tatu vipo katika kila mji, na vyeti vyao havimsaidii mtu. Nenda mwenyewe siku ya masomo, si siku ya kusajili. Hesabu mashine na uhesabu wanafunzi. Uliza kama kuna mashine za kiwandani na za ovaloki, na kama zinafanya kazi. Uliza mtihani ni wa nani. Uliza wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya kazini, na waliomaliza mwaka jana wako wapi leo. Mwalimu anayejua jibu la swali hilo la mwisho ni mwalimu mzuri.

Uliza pia kuhusu vifaa. Mkasi wa nguo, tepu, rula za kuchorea, karatasi, vitambaa vya mazoezi na mara nyingine cherehani ya nyumbani, hivyo vyote havimo kwenye karo na huwashtua wazazi muhula wa kwanza. Mkopo wa HELB uko pia kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma, si wa vyuo vikuu pekee, na basari ya wadi na ile ya NG-CDF huombwa kwa fomu tofauti.

Baada ya kuhitimu, njia ni kadhaa. Wengine huenda viwandani, pamoja na vile vya EPZ vya Athi River vinavyoshonea masoko ya nje. Kazi ipo lakini ni ya kasi, mishahara ya chini si ya kujivunia, na kijana aende akijua hivyo. Wengine hufundisha. Wengi hujiajiri. Kwao sheria imeweka mlango mmoja ambao haupigwi hodi vya kutosha: mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Serikali, ya kitaifa na ya kaunti, hununua sare, mapazia, shuka za hospitali na bendera. Wahitimu watatu wenye vyeti, wakisajili biashara yao, wakapata namba ya KRA na cheti cha kulipa kodi ipasavyo, kisha cheti cha AGPO, wanaweza kuomba zabuni hizo. Wasiokuwa na mtaji waangalie Hazina ya Vijana, Hazina ya Wanawake na Uwezo, lakini wasikope kununua mashine nne kabla ya kuwa na oda ya kutosha mashine moja.

Kwa wanaotaka kituo cha mafunzo ya ufundi, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, hati ya matokeo ya shule hata kama ni ya darasa la nane, picha mbili ndogo, na nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi. Kwa wa KUCCPS, kijana awe na namba yake ya mtihani na mwaka, na chaguo zake ziwe zimeandikwa kwenye karatasi kabla ya kuingia cyber, maana dirisha la maombi hufungwa kwa tarehe, na siku za mwisho mtandao huwa mzito. Na aende na mzazi wake, kama wameelewana.